Sensa za upepo za kufunga kwenye valvu: uzoefu wangu

Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani huja bila mfumo wa kufuatilia upepo wa tairi, ndiyo maana nilinunua seti hii: sensa nne za nje na kioo kidogo cha sola cha kubandika juu ya dashibodi. Sensa hukaa mahali pa kifuniko cha valvu, hukandamiza kipini cha ndani ili upepo uifikie, kisha hurusha vipimo kwa masafa ya 433.92 MHz.

Vipimo viko sawa, tofauti na geji ya mkononi ni kama PSI 1. Mtihani uko kwenye ufungaji. Jaza tairi zikiwa baridi kwa kiwango cha stika ya mlango wa dereva. Tanguliza nati ya kuzuia wizi, zungusha sensa kwa mkono hadi mlio wa upepo ukome, kisha rudisha nati uibane chini ya sensa. Paka maji ya sabuni uone kama kuna mapovu ya upepo unaovuja. Usiiruke hatua hii: valvu sasa iko wazi muda wote, hivyo mpira wa ndani ya sensa usipokaa vizuri, au ukichoka, sensa yenyewe ndiyo itakayovujisha.

Valvu za mpira zilizozeeka zibadilishwe kwanza, ziwekwe za chuma. Gari likienda kasi, uzito wa sensa huivuta valvu, na mpira huchanika shinani.

Yangu ilikuja na kengele ya chini kwenye PSI 26. Kwa gari linalotaka 33 huo ni uchelewaji, weka 28. Ya juu iache 45, kwa kuwa tairi ikipata moto huongeza PSI 4 hadi 6, na huo upepo usiutoe.

Ukilinganisha na mfumo unaotegemea sensa za ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga), huu unashinda. Ule hulinganisha kasi ya mizunguko tu, kwani tairi iliyopungua huzunguka haraka kuliko wenzake. Zote nne zikipungua pamoja, hauna la kusema.

Kero ni nati: kila ukijaza upepo lazima uwe na spana yake, na fundi pancha hana. Nunua zinazofunguka kubadili betri, CR1632 au inayofanana nayo. Zilizozibwa kabisa, betri ikiisha unatupa sensa nzima.