Namba ya malipo ya simu kwa michango ya njia za Rwenzori: inapokea vizuri, haitunzi wachangiaji

Kwa shirika dogo linalotunza njia za wapanda milima, namba ya malipo ya biashara kwenye MTN MoMo (*165#) au Airtel Money (*185#) ndiyo njia nzuri kuliko zote za kupokea mchango wa mtu wa kawaida aliye Uganda. Kwa kazi hiyo tunaipendekeza bila kusita. Ila msimamizi wa uchangishaji akidhani huduma hiyo itamtunzia na wachangiaji, mwaka wa pili atajikuta anaanza upya kuomba watu wasiomjua.

Tumeipima kwa kazi mahususi: kuchangisha kwa ajili ya njia kama Mzunguko wa Kati wa Rwenzori, ule unaoanzia Nyakalengija wilayani Kasese, ukapita kambi za Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Elena, Kitandara na Guy Yeoman kabla ya kurudi Nyabitaba, safari ya takriban siku saba. Mengi ya haya yanafaa pia kwa njia ya Sasa kutoka Budadiri kwenda kilele cha Wagagai, Mlima Elgon.

Kufungua akaunti kwenyewe si kazi. Kinachochelewesha ni makaratasi. Andaa cheti cha usajili, namba ya mlipakodi (TIN) kutoka Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), vitambulisho vya taifa vya viongozi, na azimio la bodi linalowataja kwa majina watakaoendesha akaunti. Shirika lisilo la kiserikali linatakiwa pia kuwa na kibali chake chini ya sheria ya mwaka 2016, na hati ya makubaliano na serikali ya wilaya linakofanyia kazi. Wengi husahau hiyo ya wilaya, kisha siku ya kuzindua mradi ndipo afisa anapoiulizia mbele ya wachangiaji.

Kwa kukwepa makaratasi hayo, vikundi vingi hutumia laini ya mweka hazina. Msifanye hivyo hata kwa mwezi mmoja. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa hiyo salio ni mali yake machoni pa sheria. Akifariki, fedha za daraja zinaingia kwenye mirathi. Akiibiwa simu, hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kwenda kuifunga. Na hata mambo yakienda sawa, mchangiaji aliye Kampala akiona jina la mtu binafsi kwenye skrini anasita, halafu anaghairi.

Hapo ndipo namba ya biashara inapong'ara. Mchangiaji akishaweka namba na kiasi, simu inamwonyesha jina la shirika kabla hajaingiza namba ya siri. Hakikisheni jina hilo linafanana na lililo kwenye bango. Kama cheti kina jina refu na bango lina ufupisho wake, mtu makini atadhani amekosea namba. Andikeni kwenye bango jina lile lile atakaloliona kwenye simu, hata likichukua mistari miwili.

Udhaifu wa kwanza uko kwenye sehemu ya kuandika sababu ya malipo. Wengi huiacha wazi, au huandika "mchango" tu, na hiyo haimsaidii mhasibu kitu. Matokeo yake ni fedha zisizojulikana ni za daraja, za njia ya mabao (mbao zinazolazwa juu ya kinamasi cha Bigo ili watu wavuke), au za mafunzo ya waongozaji. Dawa yake ni rahisi na haihitaji programu yoyote: tumieni tarakimu ya mwisho ya kiasi. Anayechangia njia ya mabao atume 10,001, wa madaraja atume 10,002, wa mafunzo ya waongozaji atume 10,003. Atakayetuma 50,002 naye anajulikana ni wa madaraja. Shilingi moja au mbili hazimuumizi mtu, na kwenye taarifa ya akaunti mhasibu anazipanga kwa dakika chache. Msizidishe miradi mitatu kwenye bango moja, watu watachanganyikiwa. Na chini kabisa andikeni wazi kwamba kiasi kinachoishia na sifuri kinaingia mfuko mkuu. Mfuko huo ndio unaolipa ukaguzi wa hesabu, nauli za kwenda Kasese na mshahara wa mhasibu, mambo ambayo hakuna bango linaloyapigia debe lakini bila hayo hakuna daraja.

Sasa makato. Kutoa fedha taslimu kwenye pochi ya simu kunatozwa kodi ya 0.5%, ilianza Julai 2018 ikiwa 1%, ikapunguzwa mwaka huo huo. Chukua wachangiaji 300 wa shilingi 10,000 kila mmoja: ni 3,000,000. Ukizitoa kwa wakala, kodi peke yake ni 15,000, na ada ya kutoa bado. Ukizihamisha kwenda akaunti ya benki ya shirika, kodi hiyo ya kutoa taslimu haikugusi, unabaki na ada ya kuhamisha tu. Kwa hiyo hamisheni mara moja kwa wiki, si kila siku, na akaunti ya benki iwe na waweka saini wawili. Malipo ya wapagazi na mafundi yatoke benki. Mkianza kulipa watu moja kwa moja kutoka pochi ya michango, mkaguzi ataona fedha zikiingia na kutoka bila mpaka, na hesabu za miezi sita hazitasuluhishika.

Kuna na matapeli. Mtu anapiga simu: "Jamani, nimekosea, nimetuma laki moja badala ya elfu kumi, nirudishieni tisini." Ujumbe anaouonyesha unaweza kuwa wa kughushi. Kanuni iwe moja: angalieni taarifa ya akaunti, si ujumbe wa simu, na kama fedha kweli ziliingia zirudi kwenye namba ile ile iliyozituma, baada ya watu wawili kuidhinisha. Aliyekosea kweli atasubiri hadi kesho bila kelele.

Udhaifu mkubwa zaidi ni ule tulioutaja mwanzo. Namba ya malipo haivuti mchango yenyewe kila mwezi. Mchangiaji lazima apige tena, na hatapiga asipokumbushwa. Mashirika makubwa ya njia za miguu yanaishi kwa wanachama wanaorudi: Appalachian Trail Conservancy ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kutunza njia ya kilomita zipatazo 3,500, ina wanachama wanaolipa ada ya kila mwaka. Hapa kwetu daftari la wachangiaji mtalitengeneza wenyewe, nje ya huduma hii. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha: namba ya simu, jina, tarehe, kiasi, mradi, ridhaa, na siku mliyowasiliana naye mara ya mwisho.

Safu ya ridhaa si pambo. Sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa taarifa binafsi hairuhusu kuchukua namba za watu kwenye taarifa ya malipo na kuanza kuwatumia matangazo. Tumeni shukrani ndani ya siku mbili, na humo humo ombeni ruhusa: "Asante kwa 10,001. Itanunua mabao ya Bigo. Ukitaka kujua yakishawekwa, jibu NDIYO." Anayejibu ndiye wa kutunza. Huyo mtumieni picha ya kazi ikikamilika, kisha ndipo mmwombe tena. Kumwomba mtu mchango wa pili kabla hajaona matunda ya ule wa kwanza ndiko kunakoua uchangishaji kuliko umaskini wa watu. Ujumbe uwe kwa lugha ya mpokeaji. Kasese, Lukonzo hufungua milango ambayo Kiingereza hakifungui.

Tuseme kidogo kuhusu kinachoombwa, maana namba nzuri yenye ombi baya haileti kitu. Mabao ya Bigo ni mfano mzuri. Kinamasi hicho kiko kati ya John Matte na Bujuku. Maji hutuama pale bao linapolala juu ya mhimili, mbao zinaoza kuanzia hapo, misumari inashika kutu, bao linayumba. Mpandaji anayeogopa kuanguka anakanyaga pembeni, anayemfuata anakanyaga mbali zaidi, na njia ya hatua moja inatanuka huku nyasi na kuvumwani vikisagwa kuwa tope. Kwa hiyo "changia bao moja" ni ombi linaloeleweka na mtu yeyote. Kosa la kawaida ni kuomba bei ya bao dukani Kasese. Bao hilo lazima linunuliwe nje ya hifadhi, litiwe dawa, lifike Nyakalengija kwa gari, kisha libebwe na wapagazi wanaolala Nyabitaba na John Matte kabla ya kufika kazini. Posho, chakula na siku zao za kurudi zimo kwenye bei ya bao. Mkiziacha nje, mtakuwa na rundo la mbao getini na fedha zimekwisha. Saruji nayo hivyo hivyo: mfuko wa kilo 50 hugawanywa, na kila mgawo ni mzigo wa mtu.

Kabla ya kuchapisha bango, pateni idhini ya maandishi ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwa kuwa njia iko ndani ya hifadhi ya taifa. Mchangiaji akiahidiwa daraja lisilo na idhini, fedha zitakaa benki na imani itaondoka. Na hesabuni majira. Vipindi vyenye nafuu ya mvua Rwenzori ni mwishoni mwa Desemba hadi Februari, na katikati ya Juni hadi Agosti. Kazi ya Juni inataka kampeni ifunguliwe Februari na kufungwa mwisho wa Aprili, ili Mei itumike kununua na kutia dawa mbao. Kazi ya Januari inataka kampeni ya Septemba, ifungwe mapema Novemba. Fedha zinazofika Julai mwishoni zimechelewa. Mbao zitapanda na mvua.

Kwa makampuni, msitoe namba ya simu kabisa. Toeni akaunti ya benki na barua. Kampuni inaweza kuuondoa mchango wake kwenye hesabu ya kodi hadi 5% ya pato linalotozwa kodi, lakini ikiwa tu shirika lenu limepata uamuzi wa URA wa kutambuliwa kama shirika lililosamehewa kodi. Nakala ya uamuzi huo ikikosekana, mhasibu wa kampuni atalifunga faili.

Wageni wa nje ni kundi ambalo huduma hii hailifai. Wanashuka Nyakalengija wamechoka, wamefurahi, wako tayari kutoa, na wengi hawana laini ya Uganda yenye salio. Wekeni hapo, wanaporudisha viatu na nguo za mvua, kadi yenye anwani ya ukurasa wa kuchangia kwa kadi ya benki. Mmarekani anayetaka nafuu ya kodi atahitaji mfadhili mwenye hadhi ya 501(c)(3) kwao, yaani shirika la hisani lililosamehewa kodi, au jukwaa la kuchangisha mtandaoni kama GlobalGiving. Mwingereza akipitia shirika la hisani la kwao, serikali yake inaongeza peni 25 kwa kila pauni chini ya mpango wa Gift Aid.

Kikundi ambacho bado hakijasajiliwa kisubiri. Kifungue kwanza akaunti ya kikundi kwenye benki au sako (chama cha akiba na mikopo) kwa katiba yake na waweka saini wake, kipokee michango ya wanachama, na mabango yachapishwe siku jina la kikundi litakapotokea kwenye simu ya mchangiaji.