Wanapima kwanza ndipo washike spana: gereji ya Nyakato

Mwenye gari linalopiga kelele ya mkanda wa injini (feni belti) hapa Mwanza, kabla hujakubali kununua oltaneta, ile inayochaji betri, lipeleke kwanza Nyakato. Ukitokea Buzuruga kuelekea Igoma, gereji iko kushoto, geti la kijani, mwarobaini mkubwa katikati ya uwanja. Haina bango, lakini ukiwauliza bodaboda wa pale watakuonyesha.

Gari langu ni RAV4, ile tunayoiita Kilitime. Injini yake ina feni belti moja ndefu inayozungusha kila kitu: oltaneta, wota pampu, pampu ya pawa stelingi na kompresa ya AC. Mimi nafanya biashara ya dagaa. Alfajiri niko Mwaloni Kirumba, kukikucha napeleka mzigo kwa wateja wangu wa Sengerema. Mvua zilipoanza, gari likawa linalia kila nikiliwasha, mlio mkali wa kukereketa, halafu unakata wenyewe. Baadaye likawa linalia hata nikikata kona kali pale sokoni, na hapohapo usukani unakuwa mzito, taa ya betri inawaka na kuzima. Nikipita kwenye maji yaliyotuama Mabatini, ndiyo balaa kabisa.

Gereji niliyoanzia walisikiliza tu, wakasema oltaneta imekufa na betri imechoka, ninunue vyote viwili. Hakuna aliyeshika mita ya kupimia umeme. Kijana mmoja akaipaka belti sabuni ya kipande, kelele ikanyamaza, nikafika nayo nyumbani kimya. Kesho yake alfajiri ikarudi ileile. Naomba niliseme hili kwa herufi nzito: sabuni, mshumaa, hata zile dawa za kupuliza, hazitengenezi belti inayoteleza. Zinanyamazisha mlio kwa muda, chanzo kinabaki palepale kikiendelea kula vitu vingine.

Pale Nyakato fundi mkuu ni mzee wa makamo. Alinisalimu Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," kisha maswali, na maswali yake ndiyo yaliyonifanya nikae nisikilize. Linalia likiwa la baridi au likishapata moto? Ukiwasha AC linaongeza? Ukizungusha usukani mpaka mwisho je? Siku ya mvua na siku ya jua kuna tofauti? Akaja na mita. Injini ikiwa imezimwa, betri ilisoma volti 12.4. Ikiwa inaunguruma taratibu, 13.6. Akawasha taa kubwa na AC, akaniambia nizungushe usukani mpaka mwisho niushikilie. Belti ikapiga yowe, na namba kwenye mita ikashuka mbele ya macho yangu hadi 12.1.

"Umeona, mama? Oltaneta inachaji. Tatizo haizungushwi ipasavyo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini dalili zangu zilikuwa zinakuja pamoja. Mkanda mmoja ukiteleza, oltaneta inapungukiwa mzunguko ndipo taa ya betri inawaka, pampu ya pawa inalegea ndipo usukani unakuwa mzito, na wota pampu nayo haisukumi maji vizuri. Hili la mwisho ndilo lililonitisha. Belti ikichomoka kabisa kwenye injini ya namna hii, maji hayazunguki na injini inachemka muda mfupi tu. Mimi napita Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025. Zamani kwenye kivuko ulizima gari ukasubiri uvuke. Sasa ni kilomita 3 juu ya maji, na nyuma yako kuna malori.

Kisha akachukua chupa ya kupulizia maji, akanyunyiza kidogo upande wa ndani wa belti, ule wenye mistari, injini ikiwa inazunguka. Mlio ukaongezeka. Alinieleza kwamba maji yakinyamazisha kelele halafu ikarudi baada ya muda mfupi, mara nyingi puli, yale magurudumu yanayopitiwa na belti, hazijapangana kwenye mstari mmoja. Yakiongeza kelele, belti imelegea, inateleza. Kazi hii aliifanya mwenyewe, mikono ya shati ameikunja hadi juu ya kiwiko, na kijana wake alikatazwa kusogea na koti lenye kamba zinazoning'inia. Nilipenda sana hilo.

Injini ikazimwa, akaniita na tochi. Pale chini kwenye puli ya kranki, ile ya injini yenyewe inayoivuta belti, belti ilikuwa imehama mfereji mmoja. Mstari wa pembeni ulikuwa unaning'inia nje ya puli, umeliwa, umetoa nyuzi nyeupe, na vumbi jeusi la mpira limeganda kwenye vyuma vya jirani. Nimefungua boneti hiyo mara nyingi kuangalia maji na oili. Bila mtu wa kukuonyesha mahali pa kumulika, hulioni.

Fundi mwingine angefunga belti mpya hapo na kukutoza. Huyu aliitoa belti, kisha akaniambia nizungushe kila puli kwa kidole changu. Oltaneta, laini. Wota pampu akaitikisa, haichezi wala haina dalili ya maji kuvuja. Pampu ya pawa kavu, haina oili inayodondokea kwenye belti. Nilipofika kwenye tenshena, ile puli yenye springi inayoikaza belti, beringi ilikwaruza hadi nikaisikia kwenye kucha, na mkono wake ukiusukuma unayumba kushoto na kulia. Basi springi imechoka ndiyo maana belti inalegea, na mkono umeinama ndiyo maana belti inasukumwa pembeni. Ungebadilisha belti peke yake, mpya nayo ingehama vilevile.

Kuhusu spea, hawakulazimishi ununue kwao. Kijana alitumwa mjini, akarudi na risiti ya duka na chenji yangu yote. Nimejifunza pia kusoma namba ya mgongoni mwa belti. Ukikuta 6PK1200, maana yake ina mistari 6, na urefu wake ni milimita 1,200. Duka la kwanza walimpa belti fupi kidogo kuliko ya gari langu, kwa macho zinafanana kabisa, fundi akairudisha bila hata kuijaribu. Akaniambia pia nisisubiri kuona nyufa. Belti nyingi za siku hizi ni za mpira wa EPDM, hazipasuki haraka kama za zamani, zinaisha taratibu kama tairi, mistari inapungua kina hadi inakosa kushika.

Karatasi ya njia ya belti kwenye boneti yangu ilishafutika, kwa hiyo kabla ya kuitoa ya zamani alikuwa amechora njia yake kwenye kipande cha boksi. Tenshena mpya, belti mpya, kila mfereji akaupapasa kwa kidole kabla ya kuwasha. Tukarudia jaribio lilelile la taa, AC na usukani hadi mwisho. Kimya, mita ikasoma 14.2. Akaliendesha hadi Igoma na kurudi, akamulika tena. Spea za zamani nilipewa kwenye mfuko.

Kazi ya mikono nililipa shilingi 30,000. Wapo wanaofunga belti kwa elfu kumi, najua, lakini mimi nilikuwa nimeandaliwa hesabu ya oltaneta na betri, kwa hiyo hiyo elfu thelathini sikuomba ipunguzwe hata senti.

Yasiyonifurahisha yapo. Hawana risiti yao wenyewe, wanakuandikia kwenye daftari na unabaki kupiga picha. Hakuna sehemu ya maana ya kukaa, kuna benchi moja na jua linaufuata mwarobaini, saa saba kivuli chote kiko upande wa magari. Simu hawapokei wakiwa kazini. Fundi mkuu hagawanyi akili kwa magari mawili, kwa hiyo foleni ni ndefu, na Jumamosi wanafunga mapema. Vijana wake ni wazuri, ila kwa tatizo lisilojulikana chanzo ningemsubiri mzee.

Ukienda, nenda asubuhi sana, na ukiweza liache gari lilale pale. Mlio wa belti unajitokeza vizuri injini ikiwa ya baridi. Ukifika umeshazunguka nalo mji mzima, watakwambia uliache hadi kesho.