Njia moja, lami mara mbili: yaliyonikuta Bumbwisudi

Standi ya Vespa ndiyo iliyonifumbua macho. Nilikuwa nimerudi sala ya Ijumaa, jua la kaskazi limewaka kisawasawa, nikaiegesha Vespa mbele ya baraza, juu ya lami yangu mpya ya wiki sita. Nilipotoka kula nikaikuta imelala ubavu, standi imezama yote. Nikabonyeza lami kwa kidole gumba, pakabaki alama. Mama akatazama kutoka barazani, akasema, "Mwanangu, hii lami au halua?"

Haya basi ni maelezo ya kazi mbili nilizofanyiwa kwenye njia moja ya gari, urefu mita 40, upana mita 3, kutoka barabarani hadi nyumbani kwetu Bumbwisudi, Unguja. Ya kwanza ilikuwa Januari 2022, ya pili Agosti 2023. Mafundi siwataji. Bei nayo siiandiki, kwa sababu lami inakuja na meli na inafuata bei ya mafuta na dola. Niliyopatana mimi mwaka ule haitokusaidia kupatana leo. Jua tu kwamba wa pili walinitoza karibu mara mbili ya wa mwanzo.

Kwanza uijue ardhi yenyewe. Juu, kwenye geti, ni kinongo, ule udongo mwekundu unaokunywa maji haraka. Chini kwetu, unapoelekea mabonde ya mpunga, ni kinamo. Mkulima yeyote anakijua kinamo: masika kinavimba na kung'ang'ania jembe, kiangazi kinapasuka nyufa za kupitisha mkono. Njia yangu inaanzia kwenye kinongo na kumalizikia kwenye kinamo, na mita 15 za mwisho ni kinamo kitupu. Fundi anayekupa bei kwa simu bila ya kuja kuyaona hayo, mshukuru ukate simu. Wangu alinipa bei kwa simu, nami nikamwambia njoo.

Alikuja na maneno kwamba wana mabaki ya lami ya moto kutoka kazi ya barabara, ikipoa inaharibika, kama nataka niamue leo hii. Nikaamua leo hii. Wakakwangua majani, wakamwaga kifusi gari moja, wakapitisha rola dogo mara tatu nne, na alasiri lami ikawa chini. Jioni njia inang'aa, watoto wa jirani wanapanda na kushuka na baiskeli, na mimi nimesimama mikono kiunoni kama mwenye hoteli. Siku ile ungeniuliza, ningewapa nyota tano na chai juu yake.

Hesabu niliyopaswa kuifanya ni ya skuli ya msingi. Mita 40 mara 3 ni mita za mraba 120. Ukitaka lami ya unene wa sentimita 5, hiyo ni mita za ujazo 6, na mita moja ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina tani 2.3 hivi. Kwa hiyo nilihitaji tani zinazokaribia 14. Mbele ya macho yangu ilikuja Fuso moja ya tani 7. Nusu ya mzigo, nusu ya unene. Tulipokuja kuichimba baadaye tulikuta sentimita mbili, pengine moja na nusu, na chini yake kifusi kilichochanganyika na udongo kama pilau.

Ulaini wa ile lami nao ulikuwa na sababu. Lami ya mabaki ilishaanza kupoa njiani, haitandiki, wakaimwagia mafuta ili ilegee. Mafuta ya taa kidogo yana kazi yake halali: huchanganywa na lami inayopulizwa chini, juu ya kifusi, ili iwe nyepesi na kupenya. Lakini ukiyatia ndani ya lami ya juu yanakaa humo muda mrefu, na kila jua likipiga inakuwa uji. Sasa unajua Vespa ilizama vipi.

Hapa lazima nikiri na langu. Shemeji yangu anaishi Albuquerque, New Mexico, Marekani. Ni jangwa la juu, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na mbele ya nyumba yake ana njia ya lami ambayo anaitunza kuliko gari. Nilipomlalamikia alinitumia sauti ya dakika sita. Kule, anasema, hewa ni kavu na jua ni kali, linanyonya mafuta yaliyomo ndani ya lami. Nyeusi inageuka kijivu, inakauka kama biskuti, inapasuka. Kisha unaingia msimu wa baridi, usiku kunaganda na mchana kunayeyuka. Maji yaliyojificha ndani ya ufa yakigeuka barafu yanatanuka kiasi cha asilimia 9, na ufa wa uzi unakuwa ufa wa kidole. Kwa hiyo kazi yao ni kuziba nyufa kabla ya baridi, na kila baada ya miaka mitatu minne kupaka dawa nyeusi juu ili kuikinga na jua. "Lakini lami mpya iache kwanza miezi sita, hata mwaka," akasema.

Yote hayo ni kweli, kwake. Mimi nikayabeba mazima mazima nikayaleta Bumbwisudi, tena lile la kusubiri nikaliruka. Machi nikanunua lami ya maji, tukapaka mimi na mwanangu mkubwa, njia ikarudi kung'aa.

Sikufikiri kwamba kule mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 300, na hapa Aprili peke yake inaweza kuipita hiyo. Adui wa shemeji anashuka kutoka juu. Wangu alikuwa chini, anaingilia pembeni na kupanda kutoka kwenye kinamo, na mimi nimemfungia mlango wa kutokea. Lami ikatoka malengelenge. Idi el Fitri ya mwaka ule iliangukia mwanzo wa Mei, masika yamekolea, na wageni waliacha magari barabarani wakaja kwa miguu, viatu mkononi. Mita 15 za chini zilikuwa zimekatika vipande vipande kama gamba la kobe. Nilimpigia fundi. Simu ikaita, ikaita, halafu ikawa haiiti tena.

Nikakaa zaidi ya mwaka najaza mashimo kwa makumbi na vifusi.

Kikundi cha pili nilikipata kupitia mtu tuliyekutana msibani. Watu wanne, na mzee mmoja anayewaongoza. Alikuja na daladala, mkononi ana ubao, pima maji na kamba. Kabla ya kutaja pesa akaomba ndoo ya maji. Akaimwaga pale getini, akasimama kuyatazama maji yanashuka hadi mlangoni mwangu. Kisha akaniambia, "Bwana, hapa mmechimba mto mkaupaka rangi."

Ushauri wake ulikuwa huu: lami mita 25 za juu, kwenye kinongo, na pevingi, vile vitofali vya zege vya kupanga, mita 15 za chini, kwenye kinamo. Kinamo, anasema, hata ukikichimba vipi, chengine kiko chini yake na kitavuta pumzi kila msimu. Pevingi zikizama unazing'oa, unajaza mchanga, unazirudisha zilezile. Lami ikizama unaitupa. Nilibishana naye siku mbili, maana roho yangu ilikuwa kwenye njia moja nyeusi kutoka getini hadi barazani. Mama akaingilia, akasema mzee ana nywele nyeupe na wewe una Vespa iliyozama, msikilize.

Walichelewa kuanza wiki tatu, na hilo nawatoza. Walipoanza lakini, niliomba likizo kazini nikakaa kutazama. Juu walichimba sentimita 30, chini 45, na kinamo chote kikapelekwa kondeni. Kifusi cha jiwe la matumbawe kikaja kwa matabaka, kila tabaka halizidi sentimita 15, linamwagiwa maji kiasi, ndipo rola la kutikisa linapita. Ukimwaga kifusi chote kwa pamoja, rola linashindilia uso tu na tumbo linabaki tupu. Kisha jambo ambalo sikuwahi kuliona: wakaita Fuso lililojaa mawe lipite polepole, na mzee kachuchumaa pembeni, jicho kwenye tairi, anatazama ardhi inacheza au haichezi. Ilicheza sehemu mbili. Zikachimbwa upya, siku nzima ikaenda, na hakuongeza bei.

Njia waliilaza upande: kila mita moja inashuka sentimita 2, kwa hiyo ukingo wa mtaro uko chini ya ukingo wa pili kwa sentimita 6. Kwa macho huoni, maji yanaona. Mtaro ukapita upande wa mfenesi, kalvati ikawekwa chini ya geti, na pande zote mbili za njia wakamwaga ukingo wa zege, kwa sababu lami isiyo na cha kuegemea huanza kumeguka pembeni.

Siku ya lami yenyewe ilikuwa fupi kuliko zote. Siku iliyotangulia walishapuliza ile lami nyepesi juu ya kifusi, ikaachwa inywe. Kokoto ilikuwa ngumu, ya kutoka Bara. Kokoto ya matumbawe ni laini na inanyonya lami. Mzee alichomeka kipimajoto ndani ya mzigo kabla ya kuuruhusu umwagwe. Lami inatoka kiwandani ikiwa nyuzi 150 hadi 160, na ikishapoa ikakaribia 80 rola linapita bure, unakuwa unapapasa tu. Safari hii hesabu niliifanya mwenyewe: mita 25 mara 3 mara sentimita 5, tani 9 kasoro kidogo. Zikaja Fuso mbili, ya pili haikujaa. Nikatabasamu peke yangu kama mwenda wazimu.

Vuli ya 2023, ile iliyokuja na El Niño, ndiyo iliyokuwa mtihani wake wa kwanza. Usiku mmoja nilitoka na tochi kutazama. Maji yanakimbia mtaroni kwa kelele, na juu ya njia hakuna hata dimbwi la kulowesha kandambili. Masika mawili yamepita tangu hapo, lami haina shimo. Pevingi zimezama sehemu moja, upana wa jamvi; wakaja vijana wawili wakazirekebisha asubuhi moja.

Ila wana kasoro. Pale lami inapokutana na pevingi wameacha kingo iliyoinuka kwa unene wa kidole, kila gari likipita linapiga "tu!". Na lami iliyobaki waliimwaga chini ya mdoriani wa mama. Hajawasamehe.

Utunzaji wangu si mwingi. Kila Februari, kabla ya masika, natoa mchanga na majani ya mwembe mtaroni. Mtaro ukiziba, yote niliyoyalipia yanakwenda na maji. Ufa unaofika nusu sentimita naupiga brashi, nausubiri ukauke kabisa, namimina lami ya maji iliyochanganywa na mchanga mwembamba. Mafuta ya gari au dizeli ya jenereta yakimwagika nayafukia kwa mchanga hapohapo, maana yanayeyusha lami. Chini ya kivuli cha mfenesi panaota utelezi wa kijani, nausugua kwa fagio gumu. Standi ya Vespa inakanyaga kipande cha ubao, hiyo ni sheria ya nyumba.

Kilichonishangaza ni ndago. Mwaka jana niliona kijani kimetokeza katikati ya lami, nikadhani jani limedondoka. Kumbe ndago imetoboa sentimita 5 za lami iliyoshindiliwa, ncha kama sindano. Ukiikata inarudi. Nilifukua hadi nikaitoa na kiazi chake, ndipo nikaziba. Hilo nawalaumu wote wawili, wa mwanzo na mzee: hakuna aliyeniambia.

Dawa ya kupaka juu sijagusa tena. Rangi imeanza kupauka, ni kweli, lakini mzee anasema tusubiri hadi kokoto za juu zianze kulegea. Shemeji anaona ni uvivu wangu.

Nyota: wa mwanzo moja, na hiyo ni ya rangi ya siku ya kwanza. Wa pili nne. Ya tano iko chini ya mdoriani. Kama unajenga upande wa maweni, Jambiani au Makunduchi, usinakili vipimo vyangu vya kuchimba, jiwe liko chini ya miguu yako na pesa zako zitakwenda kwenye kulisawazisha. Ila ndoo ya maji imwage popote ulipo.

Mama naye ameshatoa uamuzi wake juu ya zile mita 15. Pevingi hazina harufu na zinapata jua tangu asubuhi, kwa hiyo mpunga ukivunwa, majamvi yatatandikwa pale, na gari nitajua mwenyewe pa kulilaza.