Ziara ya siku moja Mkomani, Rabai na Kengeleni: ombeni muda zaidi Rabai

Tulikwenda wanane, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kwa matatu ya kukodi ya viti kumi na vinne. Nilikuwa mimi na wenzangu sita wa ushirika wa Jumatano unaokutana nyumbani kwangu Mikindani, pamoja na kijana mmoja wa jirani ambaye kanisani haingii ila alisikia kuna safari na chakula. Aliyetupeleka ni dereva mmoja wa hapa Mombasa anayeandalia makanisa ziara kama hizi. Jina lake nitaliacha. Nina la kumsifu na nina la kumlaumu, na la lawama nimeshamwambia mwenyewe uso kwa uso.

Kwa upande wa gari na uungwana sina neno. Tuliagana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na mbili na nusu alikuwa getini. Mikanda ipo, maji ya chupa kila mtu na yake, dereva hakimbizi gari. Bei aliyotaja kwenye simu ndiyo tuliyolipa. Jioni kila mama alishushwa karibu na mlango wake, si kuachwa stejini usiku.

Tatizo ni ratiba. Mkomani tulipewa nusu saa, Rabai dakika arobaini, Kengeleni kushuka, kupiga picha na kupanda. Halafu saa tatu nzima zimewekwa za ufukweni. Sisi ni watu wa Mombasa, bahari tunaiona kila siku. Hatukutoa pesa zetu za mwezi ili tukaione tena. Tulitaka kujua wale waliotangulia kumfuata Kristo kwenye pwani hii walivumilia vipi pale ambapo hakuna aliyewasikiliza.

Mkomani ni karibu, upande wa Nyali, unatazamana na Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Hapo ndipo mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipomzika mkewe Rosine, Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Rosine alijifungua mtoto wa kike, homa ikamchukua, na mtoto akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa hiyo hiyo. Na huyo hakuwa mtoto wao wa kwanza kumzika. Walipokuwa Ethiopia walipata binti njiani, wakamwita Eneba, maana yake chozi, naye hakuishi.

Jambo ambalo dereva wetu alilieleza vizuri, na namshukuru, ni kwamba Rosine alitaka azikwe bara, si kisiwani, ili Wanyika (ndivyo Wamijikenda walivyoitwa wakati ule) wakipita waone kaburi wakumbuke kilichomleta. Baadaye Krapf aliwaandikia wakubwa wake wa CMS, shirika la kimishonari la Kianglikana kule London, kwamba sasa kwenye pwani hii kuna kaburi la mmoja wao, na hiyo ni alama kuwa kazi imeanza. Nilisimama pale upepo wa chumvi ukinipiga usoni nikafikiria mtu anayeandika barua ya namna hiyo, nyumba yake yote imo ardhini. Mama mmoja wetu, ambaye alizika mtoto mwaka jana, alichuchumaa akaanza kuokota majani makavu moja moja pale chini. Hakusema kitu. Alipomaliza ndipo nusu saa yetu ilikuwa imekwisha.

Ni haki pia kusema hili, maana mara nyingi hadithi hizi husimuliwa kana kwamba Krapf alipokelewa kwa mapanga. Sivyo. Sayyid Said wa Unguja alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, akisema ni mtu mwema anayetaka kuwaleta watu kwa Mungu, na wamtendee vyema. Watu wa Mombasa walimkaribisha. Upinzani ulikuwepo, lakini kilichomngoja zaidi ni kitu kingine ambacho mimi nakiona kigumu kuliko matusi. Watu walimsikiliza, wakatabasamu, wakaenda zao.

Kutoka Mkomani tulivuka tukapita Changamwe na Miritini hadi Mazeras, tukakata kulia barabara ya Kaloleni. Kwa anayependa kwenda mwenyewe, panda matatu ya Mazeras, halafu pale Mazeras utapata ya kukupandisha Rabai. Kuna makumbusho ya kumbukumbu ya Krapf, kanisa la Mtakatifu Paulo, na nyumba walizoishi wamishonari. Karibu ni kaya ya Warabai, yaani msitu wao mtakatifu wa mababu, moja ya zile kaya za Mijikenda zilizoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Vaeni viatu vya kutembea na mchukue kofia. Mama mmoja wa ushirika wetu ni Mrabai wa kuzaliwa, na alituambia tuingie kwa adabu, maana hapo si pa Wakristo peke yao.

Hapa ndipo nilipogombana na ratiba. Dereva wetu alitueleza Krapf kwa dakika ishirini, vizuri kabisa, kisha akasema, "Na huyu mwenzake Rebmann, yeye hakufanya mengi, ila ndiye aliyeona Kilimanjaro. Twendeni tukapige picha." Nikamwambia, "Baba, ngoja kidogo." Nikakaa kwenye ngazi za ile nyumba, na wenzangu wakakaa.

Johannes Rebmann aliwasili 1846. Tarehe 25 Agosti mwaka huo, yeye na Krapf walipanda kuja hapa Rabai wote wawili wana homa, punda wao mmoja, wakipokezana mgongo wake. Wazee wa Rabai waliwakubalia kukaa. Walijenga, wakaanza kuhubiri. Wengine waliwaambia wazi kwamba kama wanatakiwa waje kusali, basi wapewe chakula. Miaka ikapita. Mtu wa kwanza kuamini alikuwa Mringe, maskini, kilema, asiyehesabiwa na yeyote, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Hakuna mkuu wala mwenye mali wala kijana mwenye nguvu aliyemtangulia. Baada yake akaja Abe Gunja. Wenzao wa Ulaya waliotumwa kuwasaidia, mmoja alikufa mwaka uleule alipofika.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ikamshinda akarudi kwao. Rebmann akabaki. Mkewe Emma, aliyemuoa Cairo mwaka 1851, akafa hapa hapa 1866. Bado akabaki. Huko Ulaya kwenyewe hakuheshimiwa sana. Aliposema mwaka 1848 ameona mlima wenye theluji karibu na Ikweta, mabingwa wa jiografia wa London walimcheka, mmoja wao, Cooley, akimpinga miaka na miaka. Uchagani kwenyewe, chini ya mlima huo, safari yake ya mwisho, Mangi (mtawala) Mamkinga wa Machame alimchukulia bidhaa zote, akarudi pwani mikono mitupu. Basi akaketi akakusanya maneno. Palikuwa na mtu mmoja aitwaye Salimini, mtumwa aliyetolewa upande wa Nyasa, na kwake Rebmann aliandika lugha ya nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, neno kwa neno, ili atakayekwenda huko siku moja asianze na mikono mitupu. Kamusi hiyo ilichapwa 1877. Rebmann alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla.

Alikaa miaka 29. Mwishoni macho yalikuwa yamekwisha, na waumini wake bado ni wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1875 alipoondoka, aliyemshika mkono hadi Ujerumani ni Isaac Nyondo, mwana wa yule Abe Gunja.

Huwezi kusema mtu huyu hakufanya mengi halafu ukamalizia na picha. Niliyasema haya kwa dereva nikiwa nimekaa pale kwenye ngazi, sauti ikinitetemeka, na sikuona haya.

Nieleze kwa nini lilinigusa hivyo. Ushirika wetu ulianza tukiwa kumi na tisa. Sebule ilijaa, wengine wanakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Leo tuko saba. Hakuna aliyetukana mtu, hakuna aliyetufukuza. Mmoja alipata zamu ya usiku, mwingine alisema atakuja wiki ijayo, mwingine nikikutana naye sokoni ananiambia, "Dada, niombee," na anaendelea kuchagua nyanya. Jumatano moja ya mvua nilipika chai ya watu kumi, nikapanga vikombe, nikakaa hadi saa tatu usiku. Hakuja hata mmoja. Nilisoma zaburi peke yangu, nikaimba tenzi moja, nikamwaga chai.

Kwa upande wa upinzani, nao ninaujua kidogo. Katika ofisi moja ya kupitisha mizigo nilikofanya kazi niliambiwa nitie sahihi karatasi ambayo nilijua si ya kweli. Nikakataa kwa upole. Hawakunifukuza. Walinihamisha dirishani, wakaacha kunialika chakula cha mchana, na jina langu likawa "mama mchungaji", la kunicheka. Nilivumilia mwaka mmoja na miezi minne. Lakini nasema kweli mbele za Mungu, yale ya ofisini hayakunichosha kama vikombe kumi vitupu vya Jumatano. Ukipingwa unajua umesikika.

Kwa hiyo pale ngazini, kijana wa jirani, yule asiyeingia kanisani, ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wa ushirika hatukulithubutu: "Sasa kwa nini hakurudi kwao mapema?" Yule mama Mrabai akamjibu, "Mwanangu, bibi yangu alibatizwa hapo kanisani. Kama angerudi mapema, mimi nisingekuwa nimekaa hapa nawe." Kijana akanyamaza. Sikumwongezea neno, na nawaomba viongozi wenzangu wa vikundi, mkifika pale msihubiri. Mahali penyewe panatosha.

Kuna jambo lingine la Rabai ambalo ziara yetu iliruka kabisa, nami nikalieleza ndani ya gari. Baada ya Rebmann, mission hii iliangukia mikononi mwa Waafrika waliookolewa utumwani baharini, wakalelewa Nasik kule India, kisha wakarudishwa kuhudumu pwani hii. Mmoja wao, William Jones, alikuwa kwenye msafara wa Askofu James Hannington, yule aliyeuawa Busoga Oktoba 1885. Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki kurudi kwa miguu, wakaingia Rabai Februari 1886 wakiwa na bendera ya bluu iliyoandikwa "Ikabodi", utukufu umeondoka. Mtu angedhani atapumzika. Miaka mitatu haikupita Rabai ikajaa watumwa waliotoroka kwa mabwana zao, mamia kwa mamia, wamekimbilia mission, na wenyewe wanakuja kuwadai. Watu hao hawakurudishwa. Ilibidi walipiwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 wakapewa hati zao za uhuru. Kanisa la mwaka 1887 lililosimama pale lilijengwa katikati ya siku hizo. Ukijua hivyo, kuta zake unaziangalia kwa namna nyingine.

Kengeleni sina mengi ya kuandika. Kengele ipo, njia panda ya Nyali, kelele za magari ni nyingi mno na hakuna pa kusimama kwa utulivu. Ni kumbukumbu ya Freretown, kijiji cha waliokombolewa, kilichoanzishwa 1875, mwaka uleule Rebmann alipoondoka. Watu walikuja kwa mamia. Yeye hakuwaona. Ningeshauri mpite hapo asubuhi mapema mkielekea Mkomani, dakika kumi zinatosha.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha, kwa mama mmoja karibu na Mazeras. Kilikuwa moto, kingi, na aliruhusu tuombe kwa sauti kabla ya kula. Hapo nampa alama zote.

Ufukweni hatukwenda. Tulimwomba dereva atugeuzie zile saa tatu turudi Rabai, akasita, akapiga simu kwa tajiri wake, akakubali bila kutuongezea pesa. Hilo nalihesabu kwake kuwa wema mkubwa, na ndilo linalonifanya niandike kwamba mtu huyu anafaa kukodiwa, ilimradi mkubaliane ratiba kwa maandishi kabla ya kulipa. Msikubali chini ya saa tatu Rabai. Mwambieni asianze na Krapf na kumalizia na Krapf. Kama mna mzee au mgonjwa, mjue kuna kutembea juani.

Jumatano iliyofuata tulikuwa wanane. Kijana wa jirani alikuja, akakaa karibu na mlango, akanywa chai vikombe viwili, akaondoka kabla ya maombi ya mwisho. Wiki hii hajaja. Vikombe vyake nimeviweka.

Tunarudi Rabai Jumanne tarehe 25 Agosti, safari hii siku nzima bila vituo vingine, gari ni lilelile na dereva ni yuleyule. Siti sita bado hazina mtu. Kutoka Mikindani ni saa kumi na mbili na nusu, na kila mtu aje na chupa yake ya maji na kofia.