Kozi ya Kiitaliano ya Kila Siku Chuoni, Ngazi ya B1: Tathmini ya Aliyeisoma

Anayetaka kusoma shahada katika chuo kikuu cha umma nchini Italia, katika programu inayofundishwa kwa Kiitaliano, kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha kwamba anaimudu lugha hiyo kwa ngazi ya B2, kwa kipimo cha lugha chenye ngazi sita, A1 hadi C2, kilichotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki huondoka nyumbani tukiwa na A2, yaani tunaweza kujitambulisha, kununua mkate, kuuliza njia na kuelewa jibu iwapo anayejibu ana subira. Kati ya hapo na B2 kuna ngazi ya B1, na hiyo ndiyo niliyoisoma katika chuo kikuu kimoja cha Italia ya kati, kwa kozi ya saa nne kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, ambayo wenyewe huiita corso intensivo. Sikitaji chuo kwa jina kwa sababu kozi za namna hii hufanana mno muundo, na nia yangu ni kumpa msomaji kipimo cha kuzipimia zote kabla hajalipa ada. Hukumu yangu naitanguliza: kozi hii inalipa, na inalipa hasa katika mambo mawili, sarufi ya vitenzi na usahihishaji wa insha. Katika kusikiliza na kuzungumza, inakuachia kazi kubwa uifanye mwenyewe.

Italia ina mazoea ya muda mrefu katika kazi hii. Chuo Kikuu cha Wageni cha Perugia kilianza kozi zake mwaka 1921, na Siena kuna chuo kingine cha aina hiyo hiyo. Vyuo vikuu vingine vingi vina vituo vya lugha vinavyofundisha wageni kabla hawajaanza shahada. Kwa hiyo darasa la kozi kama hii huwa na watu wenye malengo tofauti kabisa. Katika darasa letu walikuwamo wanafunzi wa muziki na sanaa kutoka China, ambao serikali ya Italia ina mipango maalumu ya kuwapokea, Marco Polo na Turandot. Waajentina wenye asili ya Italia. Na sista kutoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania aliyekuwa akijiandaa kusoma teolojia Roma. Mchanganyiko huo ni neema kwa sababu Kiitaliano ndiyo lugha pekee mliyo nayo wote. Una pia ugumu wake, ambao nitaufikia.

Jambo la kwanza linalostahili kukosolewa ni mtihani wa kupangiwa darasa. Ulikuwa wa maandishi peke yake, maswali ya kuchagua jibu na nafasi za kujaza, na hakuna mwalimu aliyezungumza na mtu hata dakika tano. Mtihani wa namna hiyo unawadhulumu watu wa aina mbili. Yupo aliyesoma sarufi kitabuni na hajawahi kusikia Kiitaliano cha kasi. Huyo hupandishwa juu ya uwezo wake. Na yupo aliyejifunza kwa masikio, kama vijana wa Malindi, Watamu na pwani ya mashariki ya Unguja waliokaa miaka mingi na watalii na wakazi wa Kiitaliano, ambao huzungumza bila kusita lakini hawajawahi kuandika sentensi hata moja. Huyo hushushwa, akakaa akisikiliza masomo ya kujitambulisha ilhali anachohitaji ni kalamu na karatasi. Kama uko katika mojawapo ya makundi haya, omba kuonana na mratibu siku ile ile matokeo yanapobandikwa. Uhamisho hukubaliwa katika siku za mwanzo, na baada ya hapo huwa vigumu.

Sasa nije kwenye kiini. Ngazi ya B1 ni ngazi ya vitenzi, na hapo walimu wa kozi hii wanaijua kazi yao sawasawa. Wiki za mwanzo zilitumika kutenganisha nyakati mbili zilizopita, passato prossimo, wa tendo lililotokea likaisha, na imperfetto, wa tendo lililokuwa likiendelea. Wanafunzi waliozoea kusoma lugha za kigeni kupitia Kiingereza waliteseka sana hapa, na nilistaajabu kuona kwamba Waswahili hatuna sababu ya kuteseka kiasi hicho. Tunaposema "Nilipokuwa nikisoma, dada yangu alifika", tayari tumekwisha kutofautisha tendo lililokuwa likiendelea na tendo lililotokea likaisha, na Mwitaliano hufanya vivyo hivyo anaposema "Mentre leggevo, è arrivata mia sorella". Ukiyatazama mazoezi kwa jicho hilo, nusu yake hujijibu yenyewe. Nusu inayobaki ndiyo ngumu kweli. Inakubidi ujue vitenzi vipi husaidiwa na avere (kuwa na) na vipi husaidiwa na essere (kuwa), kisha ukumbuke kwamba vile vya essere hubadilisha mwisho wake kumfuata mtenda, kwa jinsi na kwa idadi. Hata upatanisho huo haukunitisha, kwa sababu aliyelelewa katika ngeli haoni ajabu neno moja likiyavuta mengine yafanane nalo.

Baadaye ikaja congiuntivo, yaani umbo la kitenzi linalofuata maneno ya kutaka, kulazimu au kudhani, ambayo vitabu vingi huiwekea onyo kana kwamba ni ugonjwa. Hapa pia Mswahili ana akiba. "Nataka uje" na "Voglio che tu venga" zimejengwa kwa namna moja. "Ni lazima tuondoke" na "È necessario che partiamo" vilevile. Wakati wenzangu wengine wakiuliza kwa nini kitenzi kibadilike baada ya neno la kutaka, sista yule na mimi tulikuwa tumeshahamia swali jingine, nalo ndilo linalotuhusu hasa: kwa nini kitenzi kibadilike hata baada ya neno la kudhani. Sisi husema "Nadhani ni mgonjwa" bila kukigusa kitenzi, ilhali Kiitaliano sanifu kinadai "Penso che sia malato". Na katika sentensi za masharti tuna mtego wetu wa pekee. Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili, "Ningekuwa na muda, ningesoma zaidi"; Kiitaliano huweka congiuntivo upande wa sharti na condizionale, umbo la kitenzi linalokaribia -nge- yetu, upande wa matokeo, "Se avessi tempo, studierei di più". Mswahili asiyeonywa ataandika condizionale mara mbili, na mwalimu ataikata kwa wino mwekundu. Wazo hili silo dogo. Kozi inafundisha makosa ya wasemaji wa Kiingereza, Kihispania na Kichina kwa sababu ndio wengi darasani, na hakuna mwalimu atakayekuonyesha mahali Kiswahili kinapokusaidia na mahali kinapokukwaza. Ramani hiyo sharti uichore mwenyewe, na ninamsihi kila anayekwenda aichore tangu wiki ya kwanza badala ya kupitishia kila kitu katika Kiingereza.

Viwakilishi vilifundishwa kwa haraka kupita kiasi. Kiswahili huingiza ndani ya kitenzi kiambishi kimoja tu cha shamirisho, lakini Kiitaliano huweza kuunganisha viwili, anayepewa na kinachotolewa, katika neno kama glielo, na juu yake kuna vijineno ci na ne vyenye matumizi mengi yasiyofanana. Mada hii ilipewa siku chache na mazoezi ya kujaza nafasi, ikaachwa. Ilistahili mara mbili ya muda huo, kwa maana mtaani viwakilishi hivi ndivyo vinavyopita masikioni bila kushikika.

Usahihishaji wa insha ndio ulionifanya niiheshimu kozi hii. Kila wiki tuliandika insha ya ukurasa mmoja: barua ya malalamiko kwa mwenye nyumba, muhtasari wa habari ya gazeti, maoni kuhusu usafiri wa umma. Mwalimu wetu hakuandika jibu sahihi juu ya kosa. Alipigia mstari neno na kuweka alama ndogo ya penseli pembeni, herufi moja kwa kosa la wakati, nyingine kwa kiambishi cha jina, nyingine kwa kihusishi, na alama ya wimbi mahali ambapo sentensi ilikuwa sahihi kisarufi lakini hakuna Mwitaliano ambaye angeisema hivyo. Ukarudi nyumbani, ukaiandika upya insha nzima, ukamrudishia zote mbili pamoja. Alama za wimbi zilikuwa na faida kuliko zote, kwa sababu kosa la sarufi unaweza kulifuatilia kitabuni, lakini sentensi isiyo na asili ya lugha huwezi kuitambua peke yako. Kazi hii inamchukua mwalimu muda mwingi, na inawezekana tu darasa likiwa dogo. Kabla ya kulipa, uliza darasa linachukua watu wangapi na insha zinasahihishwa na nani. Majibu ya maswali hayo mawili yatakwambia mengi kuliko picha za jumba la kale katika tangazo la chuo.

Kwa upande wa kusikiliza, kozi ilikuwa dhaifu. Rekodi tulizosikilizishwa zilikuwa za waigizaji wanaotamka kila silabi kwa utulivu, na tofauti kati ya hizo na sauti halisi za nchi ni kubwa. Ukienda stesheni ukasikia tangazo kwamba treni ya mkoa "è in partenza dal binario tre", yaani inaondokea njia ya reli namba tatu, badala ya namba moja, likisomwa mara moja huku treni nyingine ikipita, ndipo unapojua kiwango chako. Yako pia mambo ya matamshi ambayo kozi iliyachukulia kuwa yamekwisha ngazi ya mwanzo. Mswahili hupata irabu kwa urahisi, na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho humjia bila kufundishwa, lakini kwa sababu hiyo hiyo huyakosea maneno yenye mkazo wa mapema zaidi, kama telefono na macchina. Konsonanti maradufu ndizo zinazotuumbua zaidi: pala ni koleo na palla ni mpira, na sikio letu halikuzoea kuzitenganisha. Dakika kumi za imla kila asubuhi zingetosha kulitibu hilo, lakini imla tulipewa mara chache mno.

Kuzungumza darasani kulitawaliwa na wasemaji wa Kihispania. Lugha zao ni ndugu wa damu, kwa hiyo huelewa karibu kila kitu tangu siku ya kwanza na hujibu kabla wengine hawajamaliza kufikiri, hata kama wanachotoa ni Kihispania kilichovaa kofia ya Kiitaliano. Mwalimu aliye makini huwagawa, huwapa Wachina nafasi ya kuanza, humwita kwa jina asiyesema. Wetu wa sarufi alifanya hivyo. Wa mazungumzo hakufanya. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kubadilishana lugha na wanafunzi wa Kiitaliano mchana. Na hapa kuna jambo ambalo Mswahili asilidharau: Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Italia, Chuo Kikuu cha L'Orientale cha Napoli kikiwa na sifa ya muda mrefu katika fani hiyo, na wapo Waitaliano wanaomtafuta mtu wa kuzungumza naye. Andika tangazo dogo, libandike karibu na maktaba.

Mihadhara ya alasiri kuhusu historia ya sanaa na sinema ilikuwa ya hiari na ya kiwango kizuri, ingawa wa B1 huambulia kama nusu yake.

Kuhusu gharama, ada ya kozi si sehemu inayoumiza zaidi. Kodi ya chumba ndiyo. Bajeti iweke pia taratibu za serikali. Anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi, permesso di soggiorno, ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia nchini, kwa fomu zinazopatikana posta, akiambatisha stempu ya ushuru ya euro 16, ada nyinginezo na uthibitisho wa bima ya afya. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni ilitusaidia kujaza fomu hizo kwa upole na kwa usahihi, na msaada huo una thamani kubwa kwa mtu ambaye bado anahangaika na lugha. Ufadhili wa mikoa kwa wanafunzi hutolewa kwa walioandikishwa shahada, kwa hiyo usiutegemee kulipia kozi ya lugha.

Kozi hii namshauri mtu anayekwenda kusoma shahada, mtawa au padri anayetumwa Roma, na mwongoza watalii anayetaka kuandika kile anachokisema tayari. Simshauri mtu ambaye A2 yake bado inayumba, kwa maana mwendo wa darasa haumngojei mtu, na anayebaki nyuma wiki ya pili huishia kunakili ubaoni. Huyo aanze nyumbani. Kwa mfano, Taasisi ya Utamaduni ya Italia iliyoko Nairobi hufundisha, na ada ya kule haiambatani na kodi ya chumba cha Ulaya.

Jambo la mwisho ni vyeti, na wengi huchanganyikiwa hapa. Mwisho wa kozi chuo hukupa cheti cha mahudhurio chenye alama zako. Hicho si sawa na cheti cha umahiri kinachokubalika rasmi, ambacho hutokana na mtihani wa pekee: CELI ya Perugia, CILS ya Siena, PLIDA ya Jumuiya ya Dante Alighieri, au ule wa Chuo Kikuu cha Roma Tre. B1 ya mitihani hiyo ndiyo inayotakiwa pia kwa waombaji wengi wa uraia wa Italia tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, kwa hiyo vituo hujaa. Mtihani hulipiwa kivyake, hufanyika kwa tarehe maalumu za mwaka, na orodha ya watahiniwa hufungwa wiki kadhaa kabla. Chagua kozi ambayo mwisho wake unakaribiana na tarehe hizo, na ujiandikishe kwa mtihani mara tu unapopangiwa darasa.