Ununue Fire Emblem ipi kwanza? Mwongozo kwa wachezaji wa Mtwara na Lindi

Kila msimu minada ya korosho inapoanza na malipo ya wakulima kuingia, vijana wa hapa Mtwara na ndugu zangu wa Lindi huniuliza swali lile lile: kati ya magemu ya Fire Emblem, ni lipi linalostahili fedha ambayo mtu ameingoja mwaka mzima? Swali hilo ni la haki, kwa sababu mfululizo huu una matoleo mengi, bei yake si ndogo, na hakuna hata toleo moja ambalo limekamilika kila upande.

Aliyekulia kwenye baraza la bao hatapata shida kuuelewa. Unaongoza kikosi kwenye uwanja wa miraba, zamu yako kisha zamu ya adui, na kila hatua inataka hesabu. Tofauti kubwa ni moja. Katika bao kete inayoliwa huingia upande wa aliyekula, na mchezo ukaendelea nayo. Katika Fire Emblem kila askari ana jina, hofu na rafiki zake, na akiuawa amepotea moja kwa moja, pamoja na sehemu ya hadithi yake ambayo hukuwahi kuisikia. Kanuni hiyo imekuwapo tangu toleo la kwanza la mwaka 1990, lililotengenezwa Japani na Intelligent Systems kwa ajili ya mashine ya Nintendo, na ndiyo iliyonifanya niupende mfululizo huu. Kinachoudhi ni kwamba toleo lenye hadithi nzito mara nyingi huwa na mapigano dhaifu, na lenye mapigano bora huwa na hadithi nyepesi. Kwa hiyo upangaji wangu unategemea nusu ipi unaweza kuishi bila hiyo.

Kabla ya kuchagua gemu, chagua namna ya kulinunua. Mimi ninashauri kaseti, si kupakua. Magemu mawili ya Switch, mashine ya Nintendo, nitakayoyataja yanazidi gigabaiti 10 kila moja, na kwa bando tunazonunua huku ni kujitesa. Kaseti ukimaliza unaweza kuiuza au kubadilishana na mwenzako. Kaseti za Switch hazibagui eneo ziliponunuliwa, na Switch 2 iliyotoka Juni 2025 inazisoma pia, hivyo hutazitupa ukibadilisha mashine. Kwa kuwa umeme hukatika, tafuta Switch iliyoboreshwa mwaka 2019, ambayo betri yake hudumu kati ya saa 4.5 na 9, kuliko ile ya mwanzo ya 2017 ambayo ni saa 2.5 hadi 6.5. Agiza mapema kutoka Dar es Salaam, kabla ya masika. Tunakumbuka jinsi mafuriko ya Mei 2024 yalivyoikata barabara ya Kibiti–Lindi na mizigo ikakaa njiani. Jambo la mwisho ni lugha: hakuna toleo la Kiswahili, na maandishi ya Kiingereza ni mengi mno, hasa katika toleo ninaloliweka mbele.

Nafasi ya kwanza ni Three Houses, ya mwaka 2019. Wewe ni mwalimu katika chuo cha kijeshi ndani ya monasteri, na unachagua nyumba moja (yaani kundi la wanafunzi) kati ya tatu, kila moja ikiongozwa na mrithi wa dola yake: Edelgard, Dimitri au Claude. Unawafundisha wanafunzi, unakula nao, unajua nani anamwogopa baba yake na nani anamtunza mdogo wake. Kisha vita vinazuka, inapita miaka 5, na wale wa nyumba nyingine ambao hukuwavuta upande wako wanasimama mbele yako na silaha. Mimi nilichagua nyumba ya Dimitri. Uwanja wa Gronder, ambako wanafunzi walikuwa wamepigana kwa mashindano tu, niliurudia ukiwa uwanja wa vita vya kweli, na niliweka mashine chini kwa muda mrefu kabla ya kutoa amri. Sijawahi kukutana na gemu jingine lililonifanya nione uzito wa kumshinda mtu ninayemjua kwa jina.

Kasoro zake ni za kweli na mnunuzi anapaswa kuzifahamu. Nusu ya kwanza inafanana karibu kila nyumba, na kwa kuwa kuna njia nne za hadithi, anayetaka kuziona zote atarudia yale yale mara kadhaa. Shughuli za monasteri, yaani kuvua samaki, kunywa chai na kurudisha vitu vilivyopotea, hupendeza miezi ya mwanzo, kisha huwa kama kibarua. Viwanja vya mapigano vinarudiwa. Aidha, ile kanuni ya zamani ya upanga kulishinda shoka, shoka kuushinda mkuki na mkuki kuushinda upanga imeondolewa. Hata hivyo njia moja tu huchukua zaidi ya saa 40, na kwa mtu anayenunua gemu moja kwa msimu mmoja wa korosho, hakuna linalolipa zaidi.

Engage, ya Januari 2023, ndiyo ya pili, na ingekuwa ya kwanza kama ningekuwa ninapima mapigano peke yake. Kanuni ya upanga, shoka na mkuki imerudi ikiwa kali zaidi: ukimshambulia adui kwa silaha inayoishinda yake, anapoteza uwezo wa kujibu pigo. Kuna pete 12 zenye roho za mashujaa wa matoleo ya zamani, akiwamo Marth wa toleo la mwaka 1990, na kuamua nani avae pete ipi ni fumbo linaloweza kukukesha. Lakini hadithi yake inatabirika tangu sura za mwanzo, na mazungumzo mengi kati ya askari ni mafupi na mepesi, hivyo hata mmoja akifa uchungu hauwi ule.

Katika magemu haya mawili unaweza kuzuia kifo cha kudumu, na pia unaweza kurudisha zamu nyuma katika kila pambano. Anayeanza namshauri aache kifo cha kudumu kiwepo, kisha atumie kurudisha zamu anapokosea.

Kwa mwenye fedha kidogo aliyepata 3DS ya mtumba, mashine ya mkononi ya Nintendo iliyotangulia Switch, nafasi ya tatu ni Awakening, ya 2012. Ilitengenezwa chini ya onyo kwamba ikiuza chini ya nakala 250,000 mfululizo ungekoma, na iliuokoa. Inafundisha vizuri na ina upendo mwingi kwa watu wake. Viwanja vyake ni bapa, na katika ngazi ngumu maadui huibuka ghafla na kushambulia zamu ile ile, jambo ambalo naona ni dhuluma kwa aliyepanga vizuri. Ya nne ni Fates: Conquest, ya 2015, yenye viwanja vilivyobuniwa kwa ustadi mkubwa na hadithi iliyovurugika, haikupi mapambano ya ziada ya kujiongezea nguvu, kwa hiyo si ya mgeni. Ya tano ni Echoes, ya 2017, yenye sauti nzuri za waigizaji na viwanja vilivyorithiwa kutoka gemu la 1992 bila kurekebishwa vya kutosha.

Ukinunua 3DS, kumbuka kwamba duka lake la intaneti lilifungwa Machi 2023, na kwamba kaseti zake, tofauti na za Switch, zimefungwa kwa eneo: kaseti ya Marekani haisomwi na mashine ya Ulaya wala ya Japani. Mwombe muuzaji aiweke kaseti ndani na kuliwasha gemu mbele yako, ulione limefika kwenye ukurasa wa kuanza kucheza, ndipo umpe fedha.