Bomba la betri la lita 16 kwa zabibu na miembe ya nyumbani: uzoefu wangu wa miaka miwili

Nina mashina 30 ya zabibu nyuma ya nyumba, hapa Mpunguzi, ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Iringa. Ni zile nyekundu za Makutupora. Alizipanda marehemu baba kwa mikono yake, mistari mitatu, kila mstari mashina kumi. Kuna pia miembe mitatu (mmoja ni dodo wa zamani, miwili ni ya kubebesha, yaani ya kuunganishwa), michungwa minne na mlimao mmoja. Si shamba kubwa, lakini kwa kuwa zabibu za huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, zimeshanilipia ada ya mtoto zaidi ya mara moja. Ndiyo maana suala la bomba la kupigia dawa nalichukulia kwa uzito, na ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Bomba ninalotumia sasa ni la betri, la kubeba mgongoni, lita 16. Nililinunua Juni 2023 kwa shilingi 110,000. Nimeridhika nalo kwa zabibu. Kwa mwembe mrefu halikunisaidia. Nitaeleza yote mawili.

Kwanza nilikotoka. Nilianza na kichupa cha lita mbili cha kupampu kwa juu. Kwa miche iliyo kwenye viriba na kwa vidukari kwenye machipukizi ya mchungwa kinatosha kabisa, na bado ninacho. Kwa mashina 30 ya zabibu utajaza na kupampu mpaka mkono ufe ganzi.

Mwaka 2019 nikanunua bomba la mgongoni la kupampu kwa mkono, lita 16, shilingi 38,000. Nasema kwa haki kwamba ni chombo kizuri. Halina umeme wala waya, fundi yeyote analifungua, na ule mpini wa ndani ukipanda na kushuka unaikoroga dawa yenyewe. Mwanangu alipokuwa nyumbani alilitumia vizuri. Lakini mimi nina miaka 54 na bega la kushoto lina shida. Mstari wa kwanza napampu sawasawa, mstari wa pili napampu nikikumbuka, mstari wa tatu presha imeshuka na dawa inatoka matone makubwa yanayoteleza juu ya jani na kudondoka chini. Mstari wa tatu ndio uliokuwa ukiugua kila msimu. Nilichukua muda mrefu kuunganisha mambo hayo mawili.

Watu wengi hudhani magonjwa ya ukungu ni ya mikoa ya mvua, na kwamba sisi Dodoma tumesalimika kwa ukame. Si kweli: ugonjwa wa ubwiriunga hauhitaji jani lilowe. Unaanza kama vumbi la majivu juu ya jani na kwenye punje changa, na punje iliyoshikwa inapokua ganda lake halitanuki, linapasuka, mbegu zinabaki nje. Mvua zikianza, anakuja mwenzake, ubwirivinyoya. Huyo utaona doa la njano kama tone la mafuta juu ya jani; ligeuze jani, utakuta manyoya meupe upande wa chini. Kwa hiyo dawa inatakiwa ifike chini ya jani na katikati ya kishada, na ifike ikiwa matone madogo yanayoshika. Bomba lisiloweza hilo, hata liwe na lita 20, ni kubeba maji tu.

Kabla sijafika kwenye bomba la betri, lazima niseme yaliyonikuta mwaka 2021, maana bado yananiuma. Washa ya bomba langu (kile kipete cha mpira cha kuzuia dawa isivuje) ilikatika, dawa ikawa inavuja mgongoni, na zabibu zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua baada ya kupogoa. Nikaazima bomba kwa jirani. Alinikabidhi kwa moyo mweupe, akaniambia, "Limeoshwa, mama, lipo safi." Na kweli alikuwa ameliosha, kwa maji. Asichokumbuka kunieleza, na mimi nisichouliza, ni kwamba wiki mbili nyuma alilitumia kuua magugu kwenye mahindi, na dawa yenyewe ilikuwa 2,4-D.

Baada ya siku nane hivi nikaona ncha za machipukizi zimejikunja kama mkia wa kinyonga. Majani mapya yakatoka madogo, makali pembeni, mishipa yake imesogeleana na kunyooka, jani zima limekunjana kama kipepeo cha kupepea moto. Nilipiga picha nikamwonyesha afisa ugani. Hakuhitaji kufika shambani, swali lake la kwanza lilikuwa, "Bomba ulilitoa wapi?" Zabibu ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi sana na dawa hiyo, na mabaki kidogo kwenye mpira na kwenye chujio yanatosha. Mashina nane yaliguswa. Sita yalirudi taratibu, yakakaa misimu miwili bila kishada cha maana. Mawili tuliyang'oa. Yalikuwa ya mwanzo wa mstari, yale baba aliyokuwa akikaa karibu nayo jioni.

Tangu siku hiyo bomba la zabibu ni langu, haliingii dawa ya magugu hata mara moja, na haliazimwi. Lile la kupampu nililitengeneza (seti ya washa shilingi 3,000), nikalipaka rangi nyekundu kwenye mfuniko, nalo ndilo la magugu ya njiani. Kama una bajeti ya bomba moja zuri la bei, nakusihi nunua mawili ya kawaida.

Sasa hili la betri. Dukani muuzaji alinisifia muda wa chaji: "Mama, hili unapiga saa tano bila kuchaji." Mimi sihitaji saa tano. Mashina yangu 30 yanakula lita 15 hivi yakiwa na majani kamili, na kupiga kwenyewe ni kama nusu saa. Nilimwomba mambo mengine. Nilimwomba aweke maji tulijaribu pale pale. Nilimwomba afungue kitako nione betri, maana kuna mabomba yenye betri ya umbo lake pekee ambayo ikifa umeachiwa ndoo. Hili lilikuwa na betri ya volti 12, saizi ile inayowekwa kwenye UPS za kompyuta na kwenye ving'ora, inayopatikana mjini kote. Na nilimuuliza kama ana spea: washa, nozeli (kile kichwa kinachotoa dawa), pampu ndogo ya ndani. Alikuwa na washa na nozeli. Pampu akasema huagiza. Nilikubali.

Nyumbani nilifanya jaribio ambalo nawashauri wote walifanye kabla ya kutia dawa. Chukua bahasha ya kaki, ikate vipande vya ukubwa wa kiberiti, vibane kwa vibanio vya nguo: vingine juu ya majani, vingine chini ya majani, vingine ndani kabisa ya kishada. Piga maji matupu kama unavyopiga dawa, halafu nenda kavitoe haraka kabla havijakauka. Kaki ikilowa inakuwa nyeusi, kwa hiyo kila tone unaliona. Kwa bomba la kupampu, nikiwa nimechoka, kaki za juu zilikuwa zimelowa chapachapa na za chini hazina kitu. Kwa bomba la betri, nikiwa nimefunga nozeli ya koni na kuielekeza kutoka chini kwenda juu, kaki za chini ya majani zilijaa nukta ndogondogo kama manyoya ya kanga. Nilizikusanya nikazipanga mezani, nikaziangalia muda mrefu. Miaka yote ile nilikuwa nalipia dawa inayokwenda ardhini.

Nozeli ndiyo roho ya bomba. Hili lilikuja na tatu. Ya matundu manne inatoa dawa nyingi kwa matone makubwa na kumaliza tangi upesi; sijaitumia tena. Ya bapa, inayotoa dawa kama feni, ni ya ardhini, kwa magugu. Ya koni ndiyo ya majani na vishada. Pima pia inatoa kiasi gani: shika jagi lenye alama, piga dakika moja. Yangu ikiwa mpya ilitoa mililita 700. Mwaka jana nikapima nikapata 820. Salfa na kopa, dawa zetu za ukungu, ni unga, zinalisaga tundu kidogokidogo, na nozeli ikizidisha asilimia 10 juu ya ilivyokuwa mpya ni ya kubadilisha. Ikiziba, tumia mswaki wa zamani. Usichokoe kwa waya, na usiipulize kwa mdomo, jamani, mmezoea hilo na ni sumu.

Kasoro zake zipo. Ni zito: likijaa linafika kilo 22 hivi, kwa kuwa betri peke yake ni zaidi ya kilo mbili. Mimi najaza lita 10, nafanya mizunguko miwili. Pili, halikorogi. Pampu inanyonya tu, na salfa inatuama chini, kwa hiyo mstari wa kwanza unapata dawa kali na wa mwisho unapata maji. Ninachofanya ni kukoroga salfa kwanza kwenye ndoo ndogo mpaka iwe uji mwepesi, naichuja kwa kitambaa ninapoimimina, halafu kila baada ya mashina matano nazima na kutikisa mabega. Tatu, betri. Masika ya kwanza niliacha bomba stoo kwa miezi miwili bila kuchaji, na aina hii ya betri ikikaa tupu inakufa. Mpya ilinigharimu 40,000. Sasa nachaji kila mwisho wa mwezi hata kama silitumii. Kuna mabomba yenye betri ya lithiamu, mepesi zaidi, ila bei ilinizidi.

Kwa miembe: ile miwili ya kubebesha naikata isizidi mita tatu na nusu, na fimbo ya bomba ya kupulizia, ile ya kuvuta ikarefuka, inafika mpaka juu. Julai maua yakitoka napiga salfa jioni, nyuki wakiwa wameondoka, na maua hayageuki unga mweupe na kupukutika kama zamani. Ule dodo una mita nane au zaidi. Nilifunga fimbo kwenye mti mrefu, nikapanda kwenye ngazi, na nusu ya dawa ikanirudia usoni. Nilikuwa na miwani, barakoa na gambuti, lakini sitarudia. Kwa mwembe wa aina hiyo mwite kijana mwenye bomba la injini. Mimi nilimlipa 15,000, akamaliza kwa dakika kumi. Muulize kwanza lilitumika kwa nini, na umwambie jirani aanue nguo na kuingiza kuku. Kununua la injini kwa ajili ya mti mmoja sioni sababu, na kwenye zabibu upepo wake unapeperusha machipukizi machanga. Nzi wa matunda nao ni habari nyingine kabisa. Wale nawatega kwa mitego, si kwa bomba.

Muda wa kupiga ni wa muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Upepo wa Dodoma mnaujua. Naanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa mbili nimemaliza. Salfa ikipigwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 inaunguza majani. Nikimaliza nasuuza bomba mara tatu, na kila mara nawasha maji yapite mpaka kwenye nozeli. Maji hayo nayamwaga palepale kwenye mistari, si karibu na kisima. Kisha nalining'iniza kichwa chini, mfuniko wazi.

Msimu wa Agosti uliopita mstari wa tatu ulitoa vishada vizima kwa mara ya kwanza tangu 2021. Pale palipong'olewa yale mashina mawili nimepanda pingili nilizokata kwenye shina la jirani yake, na moja imeshafika waya wa kwanza wa kutambazia. Jirani yangu naye amepanda zabibu kumi upande wake wa ua. Akitaka kupiga dawa simwazimi bomba. Ananipigia simu jioni, na asubuhi nakwenda nalo mwenyewe.